Dada, hii maji inatoka mlima gani?

Kuna mzee mmoja dereva wa lori, anatoka Mombasa anapeleka mzigo Kampala, na kila akifika Busia lazima apite kwangu achukue maji ya baridi. Mimi nauza soda na maji karibu na foleni ya malori upande huu wa Uganda, huu mwaka wa sita, friji moja na kibanda cha mbao, na siku ya jua kali naweza kutoa katoni tano sita za maji peke yake, soda zimekaa tu. Sasa siku hiyo, mwezi wa pili, jua linachoma mpaka lami inanata kwa kandambili, mzee akachukua chupa akafungua akanywa nusu kwa mkupuo mmoja, alafu akaigeuza akawa anaangalia picha ya kwenye lebo, mlima una theluji kichwani na kamto kanateremka katikati ya majani mabichi. Akaniuliza, "Dada, hii maji inatoka mlima gani?"

Nikafungua mdomo nikakosa la kusema. Mtu ananiuliza juu ya kitu ninachouza kila siku ya Mungu, kitu ambacho ndicho kimelipa karo ya watoto wangu, na mimi sijui kilikotoka. Ningekuwa nauza matoke ningemwambia haya yametoka Mbarara, mukene, dagaa wetu, ningemwambia ni wa hapa hapa Majanji umetoka ziwani jana usiku. Lakini maji? Nikamjibu, "Mzee, yanaletwa na gari kutoka Kampala." Akasema, "Kampala hakuna theluji," akaniwekea elfu moja mezani akaenda kwa lori lake.

Jioni nikatoa chupa za kampuni nne tofauti kwenye friji nikazipanga kwenye benchi nikasoma kila neno. Jina kubwa. Mlima, au tone la maji, au maporomoko. Jina la kampuni na sanduku la posta. Alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Orodha ya kalsiamu, sodiamu, magnesiamu na namba zake. Unywe yakiwa baridi, chupa usitupe ovyo. Kwenye zote nne hakuna hata moja iliyoandika maji yenyewe yamechotwa wapi.

Na sisi wenyewe tumesaidia kuchanganya mambo. Hapa Uganda mtu akija anasema "nipe Rwenzori," na ukimpa ya kampuni nyingine kabisa anachukua anaenda, maana jina hilo limeshakuwa jina la maji ya chupa yote, kama vile sabuni ya unga watu wanaiita kwa jina la kampuni moja. Wengine wanasema "mineral" na wanamaanisha chupa yoyote ile. Sisemi chochote juu ya kampuni yoyote, nasema juu ya vichwa vyetu, kwamba tukisikia mlima tunaona theluji na tukiona theluji tunaona usafi. Milima yenyewe ya Rwenzori ipo kweli, kule Kasese na Bundibugyo mpakani na Congo, kilele cha Margherita ni mita 5,109 na barafu ipo ingawa inapungua kila mwaka. Lakini mto Nyamwamba unaoshuka kutoka huko unapita Kilembe, ambako shaba ilichimbwa kuanzia 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 80, na mabaki ya mgodi yaliachwa marundo marundo kando ya mto, mafuriko ya 2013 na ya 2020 yakapita humo humo. Kwa iyo hata ukiniambia kweli haya maji ni ya mlimani bado nitakuuliza, mlimani wapi, juu ya nini, chini ya nini?

Nikampigia simu mtoto wa mjomba wangu. Yeye anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha maji kule barabara ya Jinja unapokaribia Mukono ukitokea huku, si cha yale maji aliyokunywa mzee, ni kingine, na jina sitalitaja maana bado anakula pale. Nikamwambia nataka kuona. Akasema dada njoo Jumamosi, bosi akiwa hayupo, sana sana utavaa kofia ya nywele na utavua hivyo viatu. Nikapanda teksi ya alfajiri.

Sijui nilitarajia nini. Labda chemchemi nyuma ya nyumba, maji yanabubujika kwenye mawe. Nilichokuta ni bomba. Bomba jeusi la plastiki linatoka ardhini kando ya geti, lina mita na kofuli, bomba la National, shirika la maji la serikali, kama lile la jirani yangu hapa anayeuzia watu jerikani shilingi mia mbili. Nilisimama pale nikiangalia kale kamshale kekundu ka mita kanavyozunguka mbio mbio, binamu ananiita twende ndani na mimi bado nimeganda hapo, kwa sababu jibu la yule mzee ndilo hilo nilikuwa naliangalia.

Alafu tukaingia ndani, na hapo tena mawazo yangu yakabadilika mara ya pili, na hii ndiyo sehemu nataka mnisikilize vizuri. Maji hayaendi moja kwa moja kwenye chupa. Yanaingia kwanza kwenye matangi meusi makubwa juu ya nyumba yatulie, kutoka hapo yanapita kwenye mtungi mrefu umejaa mchanga, unaobakiza takataka za kuonekana na za kutoonekana, kisha mtungi wa pili umejaa mkaa. Si mkaa wa jikoni, ni mkaa uliotengenezwa maalum, mweusi wa punje punje, na kazi yake ni kuvuta klorini, ile dawa ambayo ukifungua bomba asubuhi inakupiga puani. Binamu alinipa kikombe cha kabla ya mkaa na kikombe cha baada ya mkaa ninuse. Cha kwanza kinanuka kama bwawa la kuogelea la hoteli. Cha pili hakina harufu kabisa, ni kama umeshika kikombe kitupu.

Baada ya mkaa kuna filta nyeupe za uzi uzi kama mahindi yaliyopangwa ndani ya glasi, alizonionyesha zimebadilishwa wiki ile zilikuwa nyeupe, na ile waliyoitoa ilikuwa ya kahawia mpaka ndani. Alafu ndio yanafika kwenye mashine wanayoiita RO, mabomba matatu marefu yamelala, pampu inanguruma mpaka tunaongea kwa kupiga kelele. Ndani ya mabomba yale kuna utando umekunjwa kama mkeka, na maji yanasukumwa kwa presha kubwa yapenye, na matundu yake ni madogo kiasi kwamba hata chumvi iliyoyeyuka inakataliwa. Sasa maji yote hayapiti. Yanayobaki yamebeba zile chumvi zilizokataliwa yanatoka na mpira mwingine kwenda nje. Akaniambia kwa mashine yao kila lita kumi zikiingia, saba zinakuwa za chupa na tatu zinatoka na ule mpira. Nikafuata mpira. Unatokea nyuma ya ukuta, na hapo kuna kina mama watatu na mtoto mmoja wanakinga kwa jerikani, bure, wanafulia na kuoshea vyombo. Mmoja alikuwa amekaa juu ya jerikani yake amemnyonyesha mtoto anasubiri zamu. Wao maji ya kiwanda wanayajua vizuri kuliko mimi muuzaji.

Binamu ana kifaa kama kalamu, unakichovya kwenye maji kinakupa namba. Bomba la National lilisoma 71. Maji yaliyotoka RO yakasoma 9. Ile namba inahesabu chumvi chumvi zilizoyeyuka, haihesabu vijidudu, akanisisitiza sana hapo, dada usije ukanunua kalamu hii ukaanza kupimia watu maji ukiwaambia hii salama hii si salama. Maji ya mto yenye kipindupindu yanaweza kukupa namba ndogo nzuri tu. Vijidudu vina kazi yake nyingine, kuna taa ya UV ndani ya bomba la chuma inayomulika maji yakipita, na mwisho kabisa wanapulizia ozoni, hewa yenye harufu ile ya baada ya radi, inaua vijidudu alafu baada ya muda inageuka kuwa oksijeni ya kawaida. Na kabla ya hapo wanarudishia chumvi chumvi kidogo maana maji ya 9 hayana ladha, yanakaa mdomoni kama hayapo. Zile kalsiamu na magnesiamu za kwenye lebo, kwa kiwanda hiki, zilitoka kwenye dumu la bluu kwenye kona.

Chupa nazo sikujua. Zinakuja kwenye gunia zikiwa vidude vidogo vinene kama kidole gumba, shingo na nyuzi za kifuniko zimeshakatwa, wanavipasha kwa taa mpaka vinalegea alafu hewa inapigwa ndani, pah, chupa ya nusu lita. Vijana wawili wanafanya hiyo kazi kutwa nzima. Ndani ya chumba cha kujazia kuna wasichana wamefunika mdomo na nywele, hakuna anayeongea, mmoja kazi yake ni kuangalia kila chupa ikipita mbele ya taa kama kuna kitu kinaelea. Nilimuuliza kwa siku anaona ngapi akasema hahesabu, akihesabu macho yanachoka.

Wakati tunatoka binamu akaniambia, "Dada, maji ni ya National, lakini kazi ni yetu." Na mimi nakubaliana naye. Nilienda pale nikiwa tayari nimekasirika, nikitafuta wezi, nikakuta watu wanafanya kazi. Hasira yangu haikuisha lakini ilihama mahali. Ilihamia kwenye lebo. Kama mnaoga jasho hivi kusafisha maji ya bomba mpaka yanasoma 9, mbona mnachora mlima?

Tupige hesabu kidogo. Jerikani ya lita ishirini kwa jirani yangu mia mbili. Chupa ya nusu lita kwangu elfu moja, kwa iyo lita ishirini ni chupa arobaini, elfu arobaini. Mara mia mbili. Hiyo elfu moja inagawanyika, kuna plastiki, umeme wa ile pampu, filta, mishahara ya wale wasichana, ushuru, lori la kuja Busia, ajenti, mimi na bili ya friji yangu. Maji yenyewe ndani ya elfu moja ni kasehemu kadogo sana, karibu hayapo. Mteja analipia usalama, ubaridi, na chupa ya kubebea, na hakuna aibu kusema hivyo.

Usiku wa siku ile sikulala, nikawa nasoma kwa simu, na nikakuta swali la mzee wameshaliuliza watu wengine dunia nzima. Uingereza 2004 Coca-Cola walileta maji yao ya Dasani, magazeti yakagundua yanatoka kwenye bomba la mji hapo Sidcup, pembeni ya London, na yalikuwa yanauzwa peni 95 kwa nusu lita. Baya zaidi lilifuata. Walikuwa wanaongeza kalsiamu, ile kalsiamu ikaja na bromidi, ozoni ilipokutana na bromidi ikatengeneza bromati ambayo inahusishwa na saratani, ikazidi kiwango kinachoruhusiwa, mwezi wa tatu wakarudisha chupa kama nusu milioni. Yaani yale maji ya bomba yalikuwa salama, kilichoongezwa kiwandani ndicho kilichoharibu. Nilifikiria lile dumu la bluu kwenye kona na nikampigia binamu saa nne usiku kumuuliza nani anapima kinachotoka humo, akasema wana maabara yao ndogo na sampuli zinaenda UNBS, nikamwambia vizuri, endelea kuuliza.

Marekani 2007 PepsiCo walikubali kuandika kwenye Aquafina kwamba chanzo ni maji ya umma. Wakaandika, na watu wakaendelea kununua! Ufaransa ndiyo ilinishangaza zaidi. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba Nestlé walikuwa wanapitisha maji yao ya chemchemi, Perrier na Vittel na mengine, kwenye mkaa na taa za UV, vitu vile vile nilivyoviona Mukono, na huko ikawa kesi kubwa, wakalipa euro milioni 2 ili mashtaka ya baadhi ya chemchemi yamalizike. Kwa nini mkaa wa Mukono ni sifa na mkaa wa Ufaransa ni kosa? Kwa sababu kule waliuza kwa jina la maji asilia ya madini, na jina hilo lina masharti yake.

Na masharti hayo hata sisi tunayo. Viwango vya Afrika Mashariki vimetenganisha vitu viwili, kuna maji asilia ya madini na kuna maji ya kunywa yaliyofungashwa. Ya kwanza, kwa viwango vya kimataifa, yatoke chini ya ardhi kwenye chanzo kinachojulikana, yafungwe karibu na hapo hapo, yasiuliwe vijidudu kwa dawa wala taa kwa kuwa yanatakiwa yawe safi toka yanatoka, na lebo itaje jina la chanzo na mahali kilipo. Ya pili yanaweza kutoka bomba, ziwa, mto, kisima, mradi yasafishwe yafikie kiwango. Kwa iyo zile chupa zangu nne kwenye benchi, ambazo hazikutaja chanzo hata moja, ni za kundi la pili, haijalishi tunaziitaje dukani. Alama ya Q inakuambia maji yamefikia kiwango. Haikuambii mlima.

Viwanda vingine havitumii bomba, vimechimba kisima kirefu kwa mashine. Hayo ni maji ya ardhini kweli, lakini ardhi nayo ina majirani. Hapa wilayani kwetu, kule Tiira, watu wanachimba dhahabu na wanaikamata kwa zebaki, wanachanganya kwa mikono mitupu kwenye beseni, na maji ya kuoshea yanamwagwa chini. Kampala mjini kuna chemchemi nyingi zimejengewa vizuri kwa saruji na bomba la chuma, maji yanang'aa, na juu ya kilima hicho hicho kuna vyoo vya shimo mia. Kung'aa si kitu. Mwaka 2015 taifodi ilipoishika Kampala watu maelfu waliugua, na wachunguzi waliifuata mpaka kwenye maji ya kuuziwa barabarani na juisi zilizotengenezwa kwa maji machafu. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu acha maji ya chupa. Mtu yuko safarini, hajui bomba la mji, hana jiko la kuchemshia, chupa iliyofungwa vizuri inamwokoa.

Iliyofungwa vizuri, nasema. Mwaka wangu wa pili wa biashara kijana alinipitia na katoni za bei nafuu, nikanunua tatu. Mteja wa kwanza akafungua kifuniko, hakikulia ile krrk, kilizunguka tu kama cha chupa ya zamani. Chupa zilikuwa za kuokotwa, zimejazwa tena sijui wapi. Nilimwaga katoni zote tatu kwenye mtaro huku nalia, ilikuwa pesa ya kodi ya kibanda. Tangu siku hiyo kabla sijakupa chupa nashika kile kipete cha chini ya kifuniko kwa ukucha, kama kimekatika hununui kwangu.

Lakini rudi kwenye bomba la Mukono. Limetoka wapi nalo? Maji ya National ya Kampala na pembeni zake yanatoka ziwani, Ziwa Victoria, Nalubaale kwa Waganda. Miaka mingi yamechotwa Ggaba, kwenye ghuba ya Murchison. Na ghuba hiyo ndiyo inapokea mtaro wa Nakivubo, ambao umepita katikati ya mji umekusanya kila kitu cha mtaa wa Kisenyi na soko la Owino na gereji na vyoo, na bwawa la matete lililokuwa linachuja huo uchafu watu wamelilima magimbi na kujenga. Ziwa pale ni la kijani kwa mwani. Ggaba wanatia shabu uchafu ushikane uzame, wanachuja, wanatia klorini, na kadri ghuba inavyochafuka ndivyo dawa inavyoongezeka. Mwishowe ikabidi wajenge mtambo mwingine mbali, Katosi huko Mukono, wakafuate maji ya nje ya ghuba, mtambo wa lita milioni 160 kwa siku. Kwa iyo kabla binamu yangu hajashika hata tone moja, tayari kuna watu wa zamu ya usiku Ggaba na Katosi wamepigana na hayo maji. Hao hawachorwi kwenye lebo.

Na ziwa lenyewe? Maji yake mengi sana, kama sehemu nane kwa kumi, ni mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja. Mengine yanaletwa na mito, Kagera kutoka Rwanda na Burundi, Nzoia kutoka Kenya, na mto wetu Sio, huu huu wa mpakani unaopita hapa Busia. Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Mvua ikinyesha huku kwetu mitaro ya mtaa wa Sofia inafurika, inabeba chupa tupu, kaveera za plastiki, mafuta ya malori, inateremka kuelekea Sio, na Sio inaingia ziwani. Zile katoni tatu nilizomwaga na chupa zake. Chupa ninazouza mimi, mia na kitu kwa siku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 2024 walipima maji ya chupa ya kampuni tatu za Marekani wakahesabu kwa wastani vipande 240,000 vya plastiki visivyoonekana kwa macho katika lita moja, na sehemu ya hivyo ni ya chupa zenyewe na hata ya filta. Toka hapo naweka gunia kando ya kibanda, ukimaliza unaniachia chupa, kijana wa chuma chakavu anapitia Ijumaa, na tanboi akirusha yake dirishani namfuata nayo mpaka kwenye lori.

Wiki ya tatu mzee akarudi. Nikamwambia, mzee nina jibu lako. Nikamweleza yote hayo, bomba, mkaa, ozoni, Katosi, mpaka Sio, foleni imesogea na mwenzake anampigia honi na yeye ametulia tu anasikiliza. Alafu akaniambia yake. Yeye anakaa Changamwe, na bomba lake pale Mombasa, siku mbili kwa wiki linapotoka, maji yake yanaanzia chemchemi za Mzima, huko Tsavo. Mvua inanyesha kwenye vilima vya Chyulu, inazama kwenye mawe ya volkano, inasafiri chini kwa chini, inatokea Mzima safi mpaka unaona viboko wanavyotembea chini ya maji. Bomba limeyavuta kutoka hapo hadi baharini toka enzi za mkoloni. Alipita huko kijana akiwa tanboi, aliyaona kwa macho yake. Na mkewe akiyapata nyumbani anayachemsha, maana bomba limezeeka na njiani linavuja.

"Sasa mimi ndio mwenye mlima," akasema, akachukua chupa mbili, akazishika kifuniko kwa ukucha kama ninavyofanya mimi.

Siku hiyo hiyo nikakata kipande cha katoni nikaandika kwa kalamu ya wino mzito, nikabandika kwenye mlango wa friji: MAJI YA ZIWA, YAMESAFISHWA KIWANDANI, NUSU LITA 1,000. Ni kwa yale ya kiwanda cha binamu tu, ambayo siku hizi ndiyo nachukua kwa wingi, kwa sababu hayo nimeyaona. Ajenti wa yale ya mlima alikuja Jumatatu akaniambia nitoe hicho kikaratasi kitaniharibia biashara. Nikamwambia basi niletee jina la chanzo chenu, nitaliandika na lenyewe pembeni. Alisema ataulizia ofisini. Nafasi nimemwachia.